Kabla mzee wa baraza hajafungua mdomo, aelezwe kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika juma lililopita kwamba ameletewa samansi, yaani karatasi ya kuitwa mahakamani, ya kwenda kuwa mzee wa baraza Mahakama Kuu, yule raia wa kawaida anayekaa na jaji kusikiliza kesi, na hajui kama hiyo ni heshima au ni balaa. Alikuwa na maswali matatu: atakwenda kufanya nini, atalipwa au hatalipwa, na je, anaweza kukataa. Mimi nilikaa kiti hicho mwaka 2015, nikiwa fundi cherehani mwenye kibanda changu sokoni. Nilikaa kwa heshima zote, nikasikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza jambo lolote, na nikaiharibu kesi. Ndiyo maana nadhani nina la kumwambia.

Kwanza hilo neno "mzee" lisimtishe. Tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa kijana wa duka la vifaa vya ujenzi ambaye hata mvi moja hana. Mwingine ndiye alikuwa mzee kweli, mtumishi mstaafu, na hiyo ilikuwa kesi yake ya tano au ya sita. Makarani walikuwa wanamjua kwa jina. Asubuhi ya kwanza alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Mama, usijichoshe. Kaa, sikiliza, mwisho ukiulizwa sema unakubaliana na wenzako." Nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni nikasema kama ni hivyo si wangeleta kiti kitupu?

Pili, aondoe akilini sinema za Marekani. Kule kuna juri: watu 12 wanafungiwa chumbani, wanabishana mpaka wakubaliane, wakitoka na neno lao jaji analichukua. Kwetu mwenye kuamua ni jaji. Mzee wa baraza anasikiliza kesi yote pamoja naye, halafu anatoa maoni, na jaji hafungwi na maoni hayo. Anaweza kuyafuata na anaweza kuyaacha. Utaratibu huu tuliukuta tangu ukoloni. Jirani zetu Kenya, enzi hizo, Mzungu akishtakiwa aliwekewa juri la Wazungu wenzake, na Mwafrika akishtakiwa alikaliwa na wazee wa kumshauri jaji tu. Wao wazee hao waliwaondoa mwaka 2007. Sisi tuliendelea nao. Hadi 2022 Mahakama Kuu ya Tanzania haikuweza kusikiliza kesi ya jinai kama ya mauaji bila wazee wasiopungua wawili. Sasa ni hiari ya mahakama, na ndiyo maana siku hizi husikii watu wengi wakiitwa. Huyu msomaji wenu ameangukiwa na bahati ya nadra.

Basi nimwelezee siku zilivyokwenda.

Samansi niliyoletewa ilikuwa karatasi moja yenye muhuri, imeletwa na mtendaji wa mtaa wakati nimeshika gauni la bi harusi mkononi. Ilisema nifike saa tatu asubuhi tarehe fulani. Haikusema nikifika nitafanya nini. Nilifika saa mbili na nusu, nimevaa kitenge changu kizuri, na mpaka saa tano nilikuwa bado benchi la nje. Azoee hilo. Mahakamani kungoja ndiko kazi yenyewe. Shahidi hajafika, gari la magereza limechelewa, wakili yuko chumba cha pili na kesi nyingine. Siku hiyo sote tulirudi nyumbani bila kuingia ndani.

Siku ya pili tuliingia. Askari akapaza sauti, "Kooorti!", wote tukasimama, jaji akaingia. Sisi watatu tuliwekwa jirani na jaji, tunawatazama watu, nao wanatutazama. Hapo ndipo miguu ilipoanza kunitetemeka, maana nilimwona mshtakiwa kwa mara ya kwanza. Kijana mrembamba, kizimbani, anatutazama mmoja mmoja kama anayesoma bei. Jaji alimuuliza: hawa ndio wazee wa baraza watakaosikiliza kesi yako, je, kuna yeyote unayempinga? Akasema hana pingamizi. Naambiwa kesi nyingine mshtakiwa hukataa mzee kwa sababu ni shemeji wa marehemu au walishawahi kugombana shambani, na huyo hutolewa. Kwa hiyo msomaji wetu akifika akaona kuna ndugu, jirani wa karibu, mdeni wake au adui yake katika kesi hiyo, aseme palepale. Asione haya.

Baada ya hapo ndipo jaji alipaswa kutugeukia atuambie kazi yetu ni ipi, tunaruhusiwa kufanya nini na haturuhusiwi nini. Sikumbuki tukiambiwa. Sisemi jaji alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alikuwa na mafaili kama matofali mezani, na nadhani alimtazama yule mzee mzoefu akaamini wote tunajua. Karani naye hakutuambia. Wakili wa Serikali akaanza kumwita shahidi wake wa kwanza.

Kesi ilikuwa ya mauaji. Mtu alipigwa kwa kitu kizito usiku nje ya kilabu cha pombe za kienyeji, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Sitataja mahali wala jina, maana waliofiwa wapo na wanasoma magazeti.

Jambo lililonishangaza kwanza ni mwendo. Wakati ule mashahidi walisema Kiswahili na jaji aliandika Kiingereza, kwa mkono, neno kwa neno. Shahidi anasema sentensi moja, jaji anainama, sote tunasubiri tunasikia kalamu. Shahidi anaendelea, anaambiwa "pole pole". Shahidi mmoja wa asubuhi hadi mchana. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, nashukuru, lakini nadhani kungoja kalamu bado kupo. Mimi mwendo ule ulinisaidia. Nilikuwa na daftari langu la vipimo mkobani, nikawa naandika humo. Bado ninalo. Ukurasa mmoja una kiuno 34, nyonga 42, mkono robo tatu, na chini yake: "Sh. wa 3 anasema taa ilikuwa chemli, imening'inizwa ndani, mlango nusu wazi." Namshauri naye awe na daftari. Kesi inaweza kukatika wiki mbili katikati na kichwa hakina droo.

Siku ya tatu au ya nne, askari polisi alipokuwa kizimba cha mashahidi na anataka kutoa karatasi fulani, wakili wa utetezi alisimama akapinga. Jaji akatuambia wazee wa baraza tutoke nje. Tulitoka. Tukakaa chini ya mwarobaini siku nzima, na kesho yake nusu siku, hatujui ndani kunasemwa nini. Kijana wa duka alidhani tumekosea jambo. Mzee mzoefu akasema ni kawaida, akalala. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hiyo huitwa kesi ndani ya kesi. Mshtakiwa anakuwa anasema maelezo yale ya polisi aliyatoa kwa kupigwa au hakuyatoa kabisa, na jaji anasikiliza ushahidi wa jambo hilo tu peke yake, ili wazee wasije wakasikia kitu ambacho huenda kikakataliwa kisha kikabaki masikioni mwao. Ni busara kubwa ukielezwa. Usipoelezwa, ni watu wazima watatu wamefukuzwa nje kama watoto wageni wakifika. Msomaji wetu akitolewa nje, basi ajue.

Tulirudi ndani, karatasi ile hatukuisikia ikisomwa, wala hatukuuliza.

Kuhusu chakula na watu, hapa anisikilize vizuri. Pale mahakamani hapakuwa na chumba cha wazee wa baraza. Saa ya mapumziko tulikwenda kwa mama ntilie mmoja, palepale wanapokula mawakili, askari, mashahidi, mama wa marehemu, na shangazi wa mshtakiwa. Siku moja shangazi yule alikaa meza yangu. Hakusema neno kuhusu kesi. Alinisogezea chumvi tu, akasema, "Karibu, mama." Sikula tena pale. Tangu siku hiyo nilibeba viazi vitamu vyangu kwenye kontena nikala chini ya mwarobaini. Nyumbani nako mume wangu alikuwa ananiuliza kila jioni, "Vipi, kaua au hakuua?" Nilimwambia ajipikie kwanza ndipo tuongee, na hakuna siku alijipikia. Mambo ya kesi hayazungumzwi nje, hata kwa mume au mke wako.

Asikose siku hata moja pia. Ukikosa siku moja ushahidi ukaendelea, huwezi kurudi kesho ukajifanya umesikia. Unatolewa, na waliobaki wanaweza kuendelea bila wewe. Nilikwenda siku mbili na homa, nimejifunika khanga mbili.

Sasa nifike kwenye shati.

Shahidi mkuu alikuwa mteja wa kilabuni. Alisema alimtambua mshtakiwa kwa shati lake la drafti nyekundu na nyeusi, akampita karibu mlangoni, na kwamba aliliona vizuri hadi vifungo, maana lilikuwa wazi kifuani. Polisi walikuwa wamechukua shati nyumbani kwa mshtakiwa, likapokelewa kama kielelezo. Likapitishwa mbele yetu. Mhariri, mimi nimeshona tangu nina miaka 17. Lile shati nikalitazama mara moja tu. Vifungo vilikuwa kushoto kwa mvaaji. Shati la kiume vifungo hukaa kulia, la kike hukaa kushoto. Hiyo ndiyo siku ya kwanza kabisa unayofundishwa kwenye cherehani. Lile lilikuwa shati la kike, tena lina pensi mbili kwa ndani, yaani mikunjo iliyoshonwa ya kubana kifua. Mawakili wawili wasomi, askari mpelelezi na jaji, hakuna aliyeona.

Wakili wa Serikali alimaliza kumhoji shahidi wake, wakili wa utetezi akambana kwa maswali, wa Serikali akarudi kusawazisha. Kisha jaji akatugeukia: wazee wa baraza, mna swali? Mstaafu akasema hana. Kijana akasema hana. Mimi nikasema ninalo.

Nikamuuliza shahidi vifungo aliviona upande gani. Akasema hakumbuki. Nikamuuliza, ulisema uliliona hadi vifungo? Akasema ndiyo. Nikamuuliza taa ilikuwa mbele ya yule mtu au nyuma yake. Akasema nyuma, ndani. Nikamwambia basi kifua chake kilikuwa gizani. Akanyamaza. Nikaendelea: kwa hiyo hukumwona mtu, uliona shati? Akasema, "Shati nalijua ni lake." Nikamuuliza, unajua kuwa hili shati ni la kike? Pale chumba kizima kikaguna. Nikamalizia: sasa unataka tukuamini kwa lipi?

Jaji hakunikatiza. Kalamu yake ilikuwa inakwenda tu. Niliketi nimejaa kama kanzu iliyopigwa pasi. Tulipotoka nje kijana wa duka akanipa mkono. Hata yule mstaafu alisema, "Kumbe mama una kichwa."

Mwisho wa ushahidi ukafika, mshtakiwa akajitetea kwa kiapo kwamba usiku ule alikuwa kwa dada yake, na shati ni la huyo dada. Mawakili wakasema yao. Kisha jaji akatusomea majumuisho. Hii ni sehemu ambayo msomaji wetu asisinzie. Jaji anapitia ushahidi wote upya na kuwaeleza wazee sheria inayohusika: kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka na hauhami kwenda kwa mshtakiwa; kwamba shaka ikibaki inamnufaisha mshtakiwa; kwamba kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia si kosa moja; na kwamba mtu akitambuliwa usiku, lazima utazame mwanga, umbali, muda aliotazamwa, na kama shahidi alikuwa anamjua kabla. Ilichukua zaidi ya saa moja, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale nikajiona naelewa ninachokifanya. Nikawaza, haya si ndiyo yangesemwa siku ya kwanza?

Halafu ikaja saa ambayo hakuna mtu aliyenionya. Nilidhani tutapewa chumba, au karatasi tuandike tukunje. La. Jaji alisema: "Mzee wa baraza wa kwanza, maoni yako." Unasimama. Unasema kwa mdomo wako, hadharani, mama wa marehemu yuko hatua kumi kutoka ulipo, shangazi wa mshtakiwa yuko benchi la nyuma, mshtakiwa mwenyewe anakutazama. Na wote mnajua kwamba kosa la kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja, kunyongwa. Mstaafu alisimama akasema, "Nimemwona ana hatia," akakaa. Kijana wa duka akasimama, akasema naye ana hatia, sauti ikakwama katikati. Mimi nikasema nina shaka, nikataja chemli na vifungo, nikasema sina hatia ya kumpa. Nilisikia mama wa marehemu akivuta pumzi. Jioni ile nilipanda daladala na mdogo wake marehemu. Alisimama pembeni yangu kutoka mahakamani hadi sokoni, kashika bomba, hakuniangalia, na nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu.

Nasema haya kwa sababu wakubwa wanapozungumza kuhusu wazee wa baraza, huzungumza sheria. Hawazungumzi daladala.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Jaji alikubaliana na wenzangu wawili, akamtia hatiani. Haki yake, ndiye mwenye kuamua. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikijipa moyo kwamba angalau nilisema nilichokiona, na mshtakiwa atakata rufaa, na huko juu watakuta maswali yangu yameandikwa.

Waliyakuta.

Mwaka 2019 wakili mmoja kijana aliniletea joho lake nipunguze mikono. Katika kupiga soga nikamwambia niliwahi kuwa mzee wa baraza katika kesi fulani ya shati. Akashtuka. Akasema, "Mama, kumbe ni wewe?" Kesi ile ilikuwa imefika Mahakama ya Rufani, na mwenendo wote wa kesi, yaani yote yaliyosikilizwa na kuandikwa, ulikuwa umefutwa. Sababu ikiwa wazee wa baraza walimhoji shahidi kama wakili wa upande wa pili. Akanieleza pole pole huku nimeshika kipimo: sheria ya ushahidi inamruhusu mzee wa baraza kuuliza swali kupitia kwa jaji au kwa ruhusa yake, lakini liwe swali la kufafanua, la kuelewa kilichosemwa. Kumbana shahidi, kumwonyesha kwamba anadanganya, kumwambia hatumwamini, hiyo ni kazi ya upande pinzani. Mzee akifanya hivyo ameacha kuwa mshauri, ameegemea upande, na mshtakiwa au Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, anaweza kusema kesi haikusikilizwa kwa haki. Akasema kesi zilizofutwa kwa sababu za wazee wa baraza ni nyingi: mahali pengine wazee hawakuelezwa kazi yao, pengine walibadilishwa katikati, pengine jaji aliruka jambo la sheria kwenye majumuisho. Kesi inarudi mwanzo, jaji mwingine, wazee wengine.

Nikamuuliza, lakini swali la vifungo lilikuwa baya? Akasema, "Swali lilikuwa zuri sana, mama. Ungeishia kwenye lile la kwanza."

Hapo nilikaa chini. Maana hesabu nilikuwa naweza kuifanya mwenyewe. Yule kijana niliyemwona hana hatia alikuwa amekaa gerezani miaka minne tangu nimwone kizimbani, na sasa anarudi mahabusu kusubiri kesi ianze upya, kwa sababu ya mimi niliyetaka kumsaidia. Na yule mama wa marehemu anarudi kusimama tena kueleza alivyouona mwili wa mwanawe. Mstaafu aliyenishauri nikae kimya, ushauri wake ambao niliudharau, haukuharibu kitu. Hilo linaniuma hadi leo, na bado nasema ushauri wake ulikuwa mbovu. Mtu asiyeuliza kitu kwa kesi sita hakuwa akimshauri jaji, alikuwa akichukua posho.

Sitaki nisomwe vibaya. Mwaka 2022 sheria ilipobadilishwa, wengi walishangilia kwamba kesi sasa zitakwenda haraka na hazitafutwa kwa makosa ya wazee. Inawezekana. Lakini lile shati lilikaa mikononi mwa wasomi wanne, na aliyeliona ni fundi wa sokoni. Jaji anajua sheria. Hajui vilabu vya pombe vinavyowashwa taa, hajui mkulima anavyotambua jembe lake, hajui vifungo. Mimi ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji bunge. Popote jaji anapoona afadhali akae na wazee, asubuhi ile ya kwanza, kabla shahidi hajaapa, atumie dakika kumi. Awaambie: mtasikiliza, mtaandika, mkiwa na swali liwe la kuelewa na si la kubishana, nitawatoa nje wakati fulani na sababu ni hii, mwisho mtasimama mbele ya watu mseme maoni yenu. Na aandike kwenye mwenendo kwamba amewaambia. Karani naye samansi aibandike karatasi ya pili yenye maneno hayohayo, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Na wazee watafutiwe mahali pa kukaa wakila, hata kama ni stoo yenye dirisha.

Kama jaji hakumwambia msomaji wetu, basi anyooshe mkono aombe. Mimi niliona haya kumuuliza Mheshimiwa, halafu sikuona haya kumkaanga shahidi.

Maswali yake mengine mawili sasa. Posho ipo. Yangu ilitosha nauli na chakula, na ilikuja baada ya kufuatilia mara tatu, kwa hiyo asiwaambie watu wa kikoba chake kwamba anakwenda kuvuna. Wateja nilipoteza, gauni la bi harusi nilimalizia usiku wa manane. Afunge biashara kama mtu anayesafiri, amwachie mtu ufunguo.

Na kukataa: samansi ni amri ya mahakama, si kadi ya mwaliko. Ukiiweka chini ya godoro unaweza kutozwa faini. Lakini kama ana ugonjwa, au anauguza, au anamfahamu mshtakiwa au marehemu, aende nayo kwa karani kabla ya tarehe, amweleze, na kama ana cheti cha daktari akibebe. Afike asubuhi mapema, maana saa nne karani anakuwa ameshaingia kotini na hatoki.

Ni mimi,
Fundi cherehani, sokoni
(jina na anwani mnavyo, naomba msivichapishe)